Mizigo yetu katika depo ya mtu mwingine

Juma tatu zilizopita tuliongea juu ya kuuza kwa WhatsApp na Facebook, na tangu siku ile ulizo moja linarudi kila tunapokutana: mizigo tuiweke wapi? Ni ulizo la haki. Anayeuza sokoni ana meza yake. Jioni anafunga, anarudi nyumbani. Sisi tunaouza kwa simu, soko letu liko ndani ya chumba cha watoto.

Tunajua nyumba moja kule Katuba, ya mwenzetu wa kikundi, ambamo katoni za vikwembe na viatu zilifika mpaka dirishani. Watoto watatu walilala kwenye kitanda kimoja kwa sababu kitanda cha pili kilikuwa kimebeba mizigo. Komande ikiingia saa tatu ya usiku, mama anaacha bukari kwenye moto, anafungua katoni tano kutafuta rangi moja ya kijani, anafunga pakiti, anamwita kijana wa pikipiki. Kesho yake mteja anasema alitaka saizi nyingine. Bwana alinyamaza miezi mingi, halafu siku moja hakunyamaza tena.

Basi alipotokea mtu wa depo aliyesema, «Leteni mizigo kwangu, nitailinda, nitafunga pakiti, nitapeleka kwa wateja, nyinyi muuze tu,» tulifurahi. Kazi ya namna hii si mpya. Amazon ya Marekani iliifungulia wauzaji wengine tangu mwaka 2006: muuzaji anapeleka stoki yake katika depo zao, mteja akinunua wao wanachukua, wanafunga na kutuma. Lakini kila kitu kina bei yake. Nafasi inalipwa kila mwezi kwa ukubwa wa mzigo, inapanda kutoka Oktoba mpaka Desemba, na mzigo unaokaa muda mrefu bila kuuzwa unaongezewa malipo. Hata wale kati yetu wanaonunua China wanajua kazi hii bila kuipa jina: wakala wa Guangzhou anapokea vifurushi kutoka kwa wauzaji mbalimbali, anavihifadhi, anaandika alama yako juu ya katoni, anavikusanya na vya wengine ndani ya kontena moja mpaka Dar es Salaam, halafu lori mpaka Kasumbalesa.

Sasa tuseme lililotupata. Mwenzetu yule wa Katuba na wengine wanne walipeleka mizigo yao kwa mtu wa depo mwezi wa tisa. Hakukuwa na karatasi. Alikuwa mtu wa kujulikana, anasalimia vizuri. Komande za kwanza zilikwenda mbio, na kwa mwezi mmoja wote tulimsifu. Mvua za Desemba zikaja. Katoni za chini zilikuwa zimewekwa moja kwa moja juu ya sakafu, maji yakaingia, na hakuna aliyetuambia. Tulipokwenda Januari kutafuta vikwembe kwa ajili ya arusi, tulikuta piesi 14 zimeota kuvu. Yeye akasema zile hazikuwa za mwenzetu, ni za mtu mwingine. Nani angeonyesha ukweli? Hakuna alama, hakuna hesabu. Stoki ile ilinunuliwa kwa pesa ya likelemba, na zamu za wengine zilikuwa bado kulipwa. Mpaka leo analipa kidogo kidogo.

Hatukuandika haya ili kumchafua mtu, na jina lake halitatoka hapa. Tunasema tulikosea sisi pia. Tulimpa mali kama mtu anavyompa jirani sufuria.

Mizigo ikiingia depo, ihesabiwe na watu wawili, mwenye mali na mwenye depo, kila kitu kwa jina, rangi na saizi, na wote wawili watie sahihi kwenye daftari mbili zinazofanana. Moja inabaki kwako. Kila pakiti inayotoka iandikwe siku ile ile. Mwisho wa mwezi mnahesabu tena: kilichoingia, toa kilichotoka, ndicho lazima kiwe juu ya mbao. Tunasema juu ya mbao, si sakafuni. Na iandikwe nani analipa kama kitu kinapotea, kinaungua au kinalowa, na kwa bei gani, ya kununua au ya kuuza. Wengi hawaulizi hilo mpaka siku ya magomvi.

Mama mmoja alituuliza kama mwanamke aliyeolewa anaweza kutia sahihi karatasi kama ile. Anaweza. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kodi ya Familia iliondoa ile lazima ya zamani ya mke kuomba ruhusa ya bwana. Sasa inataka mume na mke wapatane, na hiyo inamhusu mume sawasawa na mke.

Pesa ya mteja isipitie kwa mwenye depo. Mteja alipe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwenye namba yako, ujumbe uingie, ndipo pakiti imwachiwe mkononi. Tena linda namba za wateja. Anayefunga pakiti anaona nani ananunua nini. Miezi miwili baadaye wateja wetu wawili walianza kupokea picha za vikwembe kutoka depo ile ile, kwa bei ya chini kuliko yetu. Hilo lilituuma kuliko kuvu.

Halafu kuna hesabu, ambayo tulipaswa kuifanya mbele ya yote. Tuchukue mfano. Blauzi unainunua dola 6, unaiuza dola 10. Mteja analipa pikipiki mwenyewe. Depo inataka dola 10 kwa mwezi na nusu dola kwa kila pakiti. Ukiuza blauzi 40, faida ni dola 160. Toa 20 za pakiti na 10 za nafasi, unabaki na 130, na nyumba yako imepumua. Ukiuza 5 tu, faida ni dola 20; toa 2 na nusu, toa 10, unabaki na 7 na nusu kwa mwezi mzima. Huyu wa pili heri avumilie katoni moja chini ya kitanda. Na yule ambaye mali yake haitoki kabisa analipa dola 10 kila mwezi ili vitu vyake vizeeke mahali pengine.

Sisi tangu mwezi wa tatu tumekodi chumba kimoja, wamama saba pamoja. Binti wa mmoja wetu, aliyemaliza shule na kukosa kazi, anashika daftari na kufunga pakiti, na tunamlipa kwa kila pakiti. Yeye ni mtoto wetu, lakini tunahesabu vilevile. Mwezi uliopita piesi mbili hazikuonekana. Kumbe ziliandikwa kwa jina la mama mwingine, na mama huyo alikuwa amekwisha kuziuza. Alirudisha pesa, lakini salamu kati ya wale wawili bado ni baridi.

Tutahesabu tena Jumamosi hii saa nane. Anayetaka kuingia wa nane aje na orodha ya mali yake imekwisha kuandikwa, na asije na watoto wadogo, chumba ni kidogo.