Moshi wa Kaunti Utazimwa na Nani?

Simama mtaani Korogocho alfajiri, utazame ng'ambo ya Mto Nairobi. Jaa la Dandora linafuka. Si moto mkubwa. Ni vijimoto vingi vinavyotambaa chini ya taka, na moshi wake wa kijivu hulala juu ya mabati hadi jua lichomoze. Pale vijana wanapochoma nyaya za umeme ili wapate shaba ya kumuuzia mwenye skrepu, moshi huwa mweusi tititi na hukwaruza koo. Nguo zilizoanikwa jana huanuliwa zikinuka plastiki. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya kuwapima watoto 328 wa maeneo hayo: nusu yao walikuwa na madini ya risasi damuni kupita kiwango.

Sheria ipo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kanuni za ubora wa hewa zilitoka 2014. Lakini jaa lenyewe ni la kaunti. Lilitangazwa kujaa 2001. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza lifungwe katika muda wa miezi 6. Malori bado yanaingia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai faini kubwa zaidi. Faini itamwangukia nani? Askari wa kaunti akitumwa kukamata wenye moshi atamkuta muuza mahindi choma kando ya barabara, fundi wa jua kali anayeyeyusha alumini ya sufuria, na mama anayechoma taka nyuma ya nyumba kwa sababu gari la taka halijapita wiki ya tatu sasa. Hao ndio wanaoshikika. Jaa halitiwi pingu.

Kwamba msimamizi naye anaweza kushtakiwa, tulijifunza Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi wa mtaa huo sumu ya risasi mwilini. Walipokwenda mahakamani wakiwa na mwanaharakati Phyllis Omido, hukumu ya 2020 haikumwangukia mwenye kiwanda peke yake. Iliigusa pia NEMA, mamlaka iliyopaswa kuwalinda. Fidia ilikuwa shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu iliirejesha 2024 baada ya Mahakama ya Rufani kuitengua. Mtoto aliyeingiwa na sumu hiyo kiwanda kikifanya kazi leo ni kijana. Haki ya aina hiyo inakuja baada ya sumu kuingia mifupani.

London ilipita njia hii mapema. Sheria ya 1891 ilikataza moshi mweusi wa viwandani, na wenye viwanda wakajitetea mahakamani kwamba moshi wao ni wa kahawia. Majiko ya nyumbani hayakuguswa kabisa. Desemba 1952 ukungu wa makaa ukalifunika jiji siku tano, watu wakafa kwa maelfu. Sheria ya 1956 ndiyo iliyozipa halmashauri uwezo wa kutangaza maeneo yasiyo na moshi, na, jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, ikamrudishia mwenye nyumba sehemu 7 kati ya 10 za gharama ya kubadilisha jiko lake. Aliyeambiwa aache alisaidiwa kuacha.

Hata sisi tumewahi kufaulu. Mwaka 2015 Kenya na majirani zake walishusha salfa ndani ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hakuna askari aliyekimbizana na matatu barabarani, kwa kuwa mafuta yetu huingia kwa mlango mmoja, bandari ya Mombasa, na masharti yaliwekwa hapo mlangoni.

Mlango wa moshi mweusi wa Dandora nao unajulikana. Kulifunga jaa lote kwa ghafla ni kuwanyima chakula maelfu wanaookota na kuchambua taka, nami siliombi hilo. Lakini nyaya hazichomwi kwa kupenda. Zinachomwa kwa kuwa kuna mnunuzi. Sheria ya vyuma vikuukuu ya 2015 inamtaka mnunuzi huyo awe na leseni. Kaunti inunue mashine za kuchuna nyaya, iziweke langoni mwa jaa, vijana wazitumie bila malipo, kisha mkaguzi aanzie kwenye mizani ya skrepu. Shaba iliyochunwa hung'aa kwa wekundu wake. Iliyochomwa huja na masizi, na mwenye mizani huyaona kabla hajatoa pesa mfukoni.