Msitazame Nembo, Tazameni Kitenzi

Wanafunzi wangu, kuna kanuni inayopita kutoka daftari hadi daftari kama noti iliyochakaa: tovuti ya habari ni ya kuaminiwa, blogu ni ya umbea. Nimeisikia Nchelenge, nimeisikia Kashikishi, na hapa Mununga tunaikariri kana kwamba ni ngeli ya nomino. Naipinga. Ni kanuni ya mvivu, kwa maana humruhusu msomaji kuacha kufikiri mara tu aonapo nembo juu ya ukurasa.

Tuwe waadilifu kwanza. Tovuti ya gazeti ina mhariri, ina ofisi, na anayechafuliwa jina anajua pa kupeleka malalamiko yake. Mwenye blogu yu peke yake: mwandishi ni yeye, mhariri ni yeye, mpiga picha ni yeye, na mtafuta matangazo pia ni yeye. Hayo sibishani nayo. Nabishana na hitimisho lake. Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, alikuwa tayari mpiga picha wa magazeti nchini Tanzania, na nidhamu ya kazi hiyo hakuiacha mlangoni. Kwa upande mwingine, ni mara ngapi tovuti yenye nembo ya kupendeza imebandika taarifa ya ofisi fulani neno kwa neno, ikaiita habari?

Tazameni ng'ambo ya ziwa letu. Oktoba 2004 kundi dogo la waasi liliuteka mji wa Kilwa, kwenye mwambao wa Kongo wa Ziwa Mweru, na jeshi la Kongo likaukomboa mara moja. Kisha raia wakauawa. Wengi walivuka maji kukimbilia upande huu wa Zambia. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuja kuhesabu zaidi ya watu 70 waliouawa. Lakini jambo hilo halikuwafikia watazamaji wa mbali kwa kina hadi Juni 2005, televisheni ya ABC ya Australia ilipoonyesha uchunguzi wake, ikieleza jinsi magari ya kampuni ya madini ya Anvil yalivyotumiwa na wanajeshi. Kwa nini Australia? Kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa na ofisi zake Perth. Miezi minane ilikuwa imepita, na muda wote huo walioona kwa macho walikuwa hapa hapa, wakitandaza nyavu na kuanika chisense pamoja nasi.

Sasa jiulizeni: lau kungekuwa na blogu Kashikishi usiku ule, je, ingetusaidia? Ingeitoa habari kabla ya mapambazuko, naam. Lakini ingetoa pia kila hesabu iliyovuka na mitumbwi: wafu 7, wafu 70, wafu 700, zote kwa uzito mmoja. Kilichoipa habari ya Kilwa nguvu ni watu waliokaa na manusura, wakaandika majina na tarehe, wakaihoji kampuni yenyewe. Kesi ya Kilwa ilifika hata mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi wake wa kuitia serikali ya Kongo hatiani ukatangazwa mwaka 2017.

Wapo wanaosema dawa ni leseni. Tanzania iliijaribu: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada za jumla ya zaidi ya shilingi milioni 2. Ada hiyo hupima kina cha mfuko, wala haipimi ukweli. Mwongo tajiri huilipa asubuhi na kuendelea na uongo wake mchana. Kwetu Zambia, Julai 2013, wasomaji walijikuta hawawezi kuifungua tovuti ya Zambian Watchdog. Waandishi wake walikuwa wakificha majina yao, na mimi nauhesabu huo kuwa udhaifu mkubwa. Lakini ukurasa uliozibwa hauwezi kusomwa, sembuse kukosolewa.

Sisi tunaojifunza Kiswahili tuna kipimo bora, nacho kimo ndani ya sarufi yenyewe. Chukueni sentensi hii niliyoitunga: "Imebainika kuwa marufuku ya uvuvi yameondolewa." Nani amebaini? Hakuna. Mnyambuliko wa kutendeka, ule wa -ik-, umeufanya ukweli ujifichue wenyewe kama mwezi unaotoka mawinguni. Nani ameondoa? Hakuna, -w- ya kutendwa imemfukia. "Inasemekana" na "inadaiwa" ni ndugu wa baba mmoja. Linganisheni na hii: "Ofisa uvuvi wa wilaya aliwaambia wavuvi jana gatini kwamba marufuku yanaendelea hadi mwisho wa Februari." Hapa yuko mtu, iko siku, pako mahali. Unaweza kwenda kumuuliza.

Wala tusidhani huu ni mchezo wa darasani. Marufuku yale huanza 1 Desemba kila mwaka, na mvuvi anayeamini kitenzi kisicho na mwenyewe hupoteza nyavu, pengine na ada ya shule ya mtoto wake. Nyavu zikishachukuliwa, hakuna atakayejali kama uongo ulitoka katika tovuti ya Lusaka au katika blogu ya kijana wa bandarini.

Kazi ya juma hili, basi. Tafuteni habari mbili kuhusu uvuvi wa Ziwa Mweru, moja katika tovuti, nyingine katika blogu. Pigieni mstari kila kitenzi kisicho na mtendaji, kisha andikeni pembeni swali ambalo mngemuuliza mwandishi. Atakayepata habari isiyo na mstari hata mmoja ataisomea darasa zima kwa sauti siku ya Ijumaa.