Hesabu ya Mpagazi na Lugha ya Darasani

Katika hisabati ya kidato cha tano na cha sita imo kanuni fupi ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuielewa: kasi ya mabadiliko ya fankisheni kinyume ni moja gawanya kwa kasi ya mabadiliko ya fankisheni yenyewe. Hoja yangu ni kwamba kinachowashinda wengi wao si hisabati, bali ni lugha inayoibeba.

Sisi wakazi wa Ipuli, katika Manispaa ya Tabora, tunaishi katika eneo la njia kuu ya misafara ya karne ya 19. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita huku baina ya Bagamoyo na Ujiji, miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Mpagazi angeweza kuulizwa maswali mawili: baada ya saa kadhaa tutakuwa wapi? Na kufika mahali fulani kutatuchukua saa ngapi? Swali la pili ni kinyume cha la kwanza. Msafara ukienda kilomita 4 kwa saa, kila kilomita inagharimu robo saa. Kanuni nzima ni hiyo.

Hata masharti yake yamo njiani. Msafara ukitua kambini, kasi ni sifuri, na moja haigawanyiki kwa sifuri. Ukirudi nyuma, mahali pamoja panapitwa mara mbili, na swali la "saa ngapi" linapata majibu mawili. Hapo fankisheni kinyume haipo tena.

Sasa tazama swali la darasani. Ikiwa y = x³ + x, kasi ya mabadiliko ya kinyume chake ni ngapi pale y inapokuwa 2? Mwenye kuelewa huanza kwa kutafuta x, ambayo ni 1. Kasi ya fankisheni ni 3x² + 1, yaani 4; jibu ni 1/4. Aliyekariri huiweka 2 penye x, akapata 1/13. Kuzidisha na kujumlisha anakujua. Asichokijua ni kwamba 2 ni mahali, na 1 ni saa ya kufika hapo.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za umma. Kidato cha kwanza mtoto huyo huyo anahamishiwa Kiingereza, na tangu hapo anapambana na maneno kabla ya kuifikia maana. Wapo wanaosema Kiswahili hakina istilahi. Istilahi hukua kwa kutumiwa, wala hazikui kwa kungojewa. Wapo pia wanaohofia masomo ya ng'ambo, na hofu yao ina msingi. Basi Kiingereza kifundishwe vema, kama somo, na walimu walioandaliwa kwa kazi hiyo.

Kwa kuanzia napendekeza mambo mawili: maswali ya mtihani wa hisabati yachapwe kwa lugha zote mbili, na mwalimu aruhusiwe rasmi kufafanua maana kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora, alimtafsiri Shakespeare kwa lugha hii. Iwapo iliweza kuibeba *Julius Caesar*, robo saa ya mpagazi haiwezi kuilemea.