Kindu: laptopu ikikataa kuwaka, flashi ya kuifufua iko wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10, programu iliyotoka Julai 2015 na ambayo bado inaendesha laptopu nyingi katika ofisi, vyuo na vibanda vya kufotokopi vya mji wa Kindu. Siku hiyohiyo ilitoa sasisho la Windows 11 lililokuwa na kasoro ya ajabu: mtu aliyeingia kwenye sehemu ya kufufua mashine alikuta kibodi na kipanya vya USB havifanyi kazi. Anaona menyu, lakini hawezi kuchagua kitu. Dawa ilitoka tarehe 20 Oktoba. Agosti mwaka huohuo sasisho lingine lilikuwa limevuruga uwezo wa Windows 10, na wa matoleo ya zamani kidogo ya Windows 11, kujirudisha katika hali ya mwanzo.

Kwa mtu wa Nairobi au Brussels, siku sita za kasoro hazina uzito. Anatumia mashine nyingine, anapakua Windows upya, jioni anaendelea na kazi. Katika jimbo la Maniema hesabu ni tofauti. Faili ya kusakinisha Windows inazidi gigabaiti 4, na kwa anayenunua megabaiti kwa simu, hiyo ni pesa ya chakula cha siku kadhaa. Umeme wenyewe ni wa jenereta na sola. Upakuaji ukikatika katikati, megabaiti zimeshaliwa.

Kisha kuna vita. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, miji miwili ambayo watu wa Maniema walizoea kuitegemea kwa vifaa na kwa mafundi imekuwa upande wa pili wa mstari wa mapigano. Zinabaki njia ndefu: ndege ya Kinshasa, treni ya SNCC kutoka Lubumbashi ambayo haina siku maalumu, au mashua hadi Ubundu kisha reli hadi Kisangani. Kutuma laptopu iliyokufa kwa njia hizo, na kuingoja irudi, si jambo ambalo mwanafunzi anayekaribia kutetea TFC yake anaweza kulifikiria.

Kwa hiyo anampelekea fundi wa mtaani. Mafundi wetu wana akili na mikono mizuri, na bila wao ofisi nyingi zingefungwa. Lakini dawa yao ya kawaida ni moja: kufuta kila kitu na kuweka Windows iliyovunjwa ulinzi, inayozunguka kutoka flashi hadi flashi, mara nyingine pamoja na virusi vyake. Diski inapofutwa hivyo, inafutwa pia ile sehemu iliyofichwa ambamo kiwanda kiliweka nakala ya kufufulia mashine. Na wateja wengi hawajui kwamba tangu enzi ya Windows 8, laptopu nyingi zilizouzwa na Windows halali zimebeba namba ya leseni ndani ya mashine yenyewe. Ukiweka toleo linalolingana, inajitambua bila kuvunja ulinzi wowote. Mtu analipia wizi wa kitu ambacho tayari ni chake.

Jambo hili si geni. Zamani laptopu ilikuja na diski zake ndani ya katoni. Baadaye makampuni yakaacha kuzitoa na kumwachia mnunuzi azichome mwenyewe, DVD tatu hadi tano, na mashine nyingi zilimruhusu kufanya hivyo mara moja tu. Nani alifanya? Ujumbe ulitokea siku ya kwanza, mtu akabonyeza baadaye, na baadaye haikufika. Waliozichoma nao waligundua baada ya miaka miwili ya joto na vumbi kwamba diski ya tatu haisomeki. Leo laptopu mpya nyingi hazina hata mahali pa kuingiza DVD, kazi hiyo inafanywa na flashi, ile tunayoita kle. Uzembe ni uleule.

Kuitengeneza ni rahisi mradi mashine ingali hai. Katika Windows ya Kifaransa, andika «lecteur de récupération» mahali pa kutafuta, acha alama kwenye kisanduku cha kuhifadhi faili za mfumo, chomeka flashi ya gigabaiti 16 au zaidi (32 ni salama zaidi), halafu subiri. Inaweza kuchukua saa nzima au kuzidi, kwa hiyo betri iwe imejaa na jenereta iwe na mafuta. Kila kilichokuwa kwenye flashi kitafutwa. Microsoft inashauri kuitengeneza upya kila mwaka, maana iliyopitwa na wakati huirudisha mashine nyuma pamoja na matundu yake ya usalama.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo kosa lilipo. Masokoni kuna flashi za uongo zilizoandikwa gigabaiti 64 huku ndani hazifiki hata robo. Zinakubali kuandikwa bila kulalamika, kisha hazisomeki. Huwezi kulijua hilo kwa kuitazama flashi. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 kwa Dell, Lenovo na Acer nyingi, Esc kisha F9 kwa HP nyingi. Ikifika kwenye uchaguzi wa kibodi, kisha kwenye «Dépannage», na humo ukaliona chaguo la kurejesha kutoka kwenye flashi, umeshavuka hatua kubwa. Jaribu kibodi na kipanya. Fundi afungue dirisha la amri ahakikishe diski ya ndani inaonekana. Kisha simama na uzime. Ukiendelea hadi mwisho, mashine itafutwa kweli.

Kabla ya jaribio hilo, tafuta namba ya BitLocker. Laptopu nyingi mpya hufunga diski zenyewe bila mwenyewe kujua, na sehemu ya kufufulia inaweza kudai namba ya tarakimu 48, ambayo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha mashine milioni 8.5 duniani, na mafundi wa makampuni makubwa walihangaika kutafuta namba hizo moja baada ya nyingine. Kama wao hawakuwa wameziandika, sekretari wa shule ya Mikelenge tumwambie nini?

Flashi hii inafufua Windows tu. TFC, daftari za mishahara, takwimu za zoni ya afya, havimo. Hivyo vinahitaji nakala yake, kwenye kifaa kingine.

Wenye Windows 10 wanaweza kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bure wakikubali kuunganisha mipangilio yao na akaunti ya Microsoft. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho mashine nyingi za mitumba hazina. Hizo zinaweza kuendelea na Linux, nayo inawekwa kwa flashi vilevile.

Lakini mzigo huu usiachwe kwa mwanafunzi peke yake. Taasisi za jimbo na mashirika ya misaada hununua laptopu kwa makumi na kutia saini ya kupokea kwa kuhesabu katoni. Ingetosha kuongeza sharti moja kwenye mkataba: kila aina ya mashine ije na flashi yake, iliyowashwa mbele ya mpokeaji, ikiwa imeandikwa jina la mashine na tarehe.

Na flashi hiyo isikae ndani ya mfuko wa laptopu. Watu wa Alunguli wanavuka Lualaba kwa mtumbwi kwenda kazini Kasuku, na mfuko ukitumbukia majini, vyote viwili vinakwenda pamoja.