Kufuli Ndani ya Chombo

Msomaji kijana, video huonekana kitu chepesi kwa sababu hutufikia ikiwa imekwisha kubanwa. Twaa kalamu uhesabu nami uzito wake wa asili. Picha moja yenye upana wa nukta 1,920 na urefu wa nukta 1,080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta huhitaji baiti 3 za rangi, na katika kila sekunde hupita picha 30. Jumla yake ni baiti 186,624,000 kwa sekunde moja. Diski ya gigabaiti 500 haitoshi kubeba saa nzima ya mzigo huo.

Kwa hiyo video haina budi kusimbwa. Kompyuta hulinganisha picha na zile zilizoitangulia, ikaacha yasiyobadilika, kama ukuta ulio nyuma ya mwalimu, ikahifadhi yaliyobadilika, kama mkono wake unaosogea. Mtazamaji naye huhitaji kazi ya kinyume chake, yaani kusimbua. Prosesa kuu yaweza kuzifanya kazi zote mbili, lakini hupata joto na kuzichelewesha kazi nyingine. Ndiyo maana waunzi wa kadi za michoro walitenga ndani ya chipu sehemu ndogo isiyo na kazi ila hiyo. Kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilianza kutia sehemu ya kusimba katika kadi zake mwaka 2012. Ni ufundi mkubwa, nami ni mmoja wa wanaousifu.

Walakini sifa zangu zakoma hapa. Katika kadi za GeForce, ambazo ndizo hununuliwa na watu wa kawaida, kampuni iliweka sharti kwamba zisisimbwe video zaidi ya 2 kwa wakati mmoja. Sharti hilo halikutoka katika chipu. Liliandikwa katika kiendeshi, yaani programu inayoiamrisha kadi. Ushahidi ni huu: Quadro P2000, kadi ya watu wa kazi, na GeForce GTX 1060, kadi ya watu wa michezo, zimejengwa juu ya chipu ya aina moja iitwayo GP106. Ya kwanza haikuwekewa idadi. Ya pili iliwekewa. Tena waandishi wa programu walitoa kiraka kidogo cha kuondoa sharti hilo, na kadi zilezile zilizosemwa haziwezi zikaweza.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba kampuni ilitumia fedha nyingi katika utafiti, na kwamba mwenye biashara kubwa ni haki alipe zaidi. Naambiwa pia kwamba idadi hiyo iliandikwa wazi katika jedwali la kampuni, na hilo ni kweli. Lakini fundi akitaka kuuza jembe dogo kwa bei ndogo, na aunde jembe dogo. Kuuza jembe zima, kisha kumkataza mnunuzi asilime zaidi ya matuta mawili, ni biashara ya namna nyingine. Chipu ina mpaka wake wa asili, maana kila video inayoongezwa hupunguza mwendo wa zile nyingine. Mpaka huo sina ugomvi nao.

Tena angalia kazi ipi iliyofungwa. Kusimbua hakukuwekewa idadi. Ungeweza kufungua video nyingi kadiri chipu ilivyostahimili. Kusimba ndiko kulikopimwa. Basi mtazamaji aliachiwa huru, na mtengenezaji akatiwa lijamu. Fikiria shule yenye madarasa manne yanayofundishwa saa moja, na mwalimu anataka kuyarekodi yote kwa kadi moja ili wanafunzi wagonjwa wasikose masomo. Kwa sharti lile, madarasa mawili yangebaki nje, ingawa chipu ina nguvu ya kuyachukua. Shule hiyo haishindani na kituo chochote cha televisheni, lakini ilipimwa kwa kipimo kilekile.

Baadaye idadi ilipandishwa ikawa 3. Mwaka 2023 ikawa 5, na mwaka 2024 ikawa 8. GTX 1060 ilianza kuuzwa mwaka 2016. Ilipofika zamu yake ya kusimba video 5, mwenyewe hakufungua kasha la kompyuta wala hakuongeza waya hata mmoja. Alipakua kiendeshi kipya, akaizima mashine, akaiwasha tena.