Ramani ya Gari si ya Wanaume Peke Yao



Tumechoka kuambiwa kwamba mwanamke anayeendesha gari Unguja hahitaji ramani. Eti kisiwa kidogo, utauliza. Utamuuliza nani? Saa tano usiku, unarudi kutoka harusini Makunduchi, umeshapotea vijiani, nyuma umempakia mama mkwe na mtoto aliyelala, ndio ushushe kioo uwaite vijana waliokaa barazani? Wengi watakuelekeza kwa adabu, hilo hatukatai. Lakini utaambiwa "nenda mpaka kwenye mbuyu, kata kushoto", na gizani huo mbuyu huuoni.

Wapo na waume wanaosema mke akijua njia zote atazurura. Mwenye kutaka kuzurura hangoji ramani.

Halafu kuna wanaotushauri tununue kile kidude cha kubandika mbele ya gari. Pesa ya bure. Simu iliyomo mkobani inafanya kazi ile ile, ila uchague programu inayokubali kufanya kazi bila intaneti. Mashoga zetu wengi hudhani bando likiisha na ramani imekufa. Siyo. Simu hujua ilipo kwa satelaiti, wala hilo halili bando. Kinachokula bando ni kuivuta ramani yenyewe. Basi ivute mapema ukiwa nyumbani. Google Maps inakuruhusu kupakua eneo unalolitaka, na Unguja yote, yenye urefu wa kilomita 85 hivi, inaingia bila taabu. Organic Maps haina matangazo wala haikutaki ujisajili. Sisi kwa njia za shamba tunaipenda zaidi.

Mji Mkongwe ndio usiiamini kichwa kichwa. Ramani haijui upana wa gari lako, na vichochoro vile ni vya miguu, baskeli na vespa. Egesha nje, ingia kwa miguu.

Bibi harusi mtarajiwa, kadi yako imeandikwa "ukumbi uliopo nyuma ya msikiti". Msikiti upi, bibi? Watumie wageni alama ya ukumbi kwenye ramani siku mbili kabla. Atakayekwambia huo ni uzungu, mpe kanga akasimame njia panda awapungie.

Simu ifunge kwenye kishikio, fungua sauti, chagua njia kabla hujawasha gari. Mkononi haikai, hata ukiwa kwenye foleni ya Darajani.