Maganda si Takataka: Funzo kwa Tarime na Serengeti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, muhogo ni miongoni mwa vyakula vikuu. Unga wake husongwa ugali, aghalabu ukichanganywa na unga wa ulezi au mtama. Katika nyanda za juu za Tarime hustawi pia kahawa ya Arabika pamoja na migomba. Lakini kila mavuno hayo yanapotengenezwa hubaki kitu ambacho hakipimwi kwenye mizani wala hakiandikwi daftarini: maganda ya muhogo, maganda ya kahawa mbivu, pumba za nafaka, machicha ya pombe. Vyote hivyo huitwa takataka. Jina hilo halivistahili, na hasara inayotokana nalo si ndogo.

Siku hizi wataalamu huzungumzia uchumi wa mzunguko, yaani uchumi ambao mabaki ya kazi moja huwa malighafi ya kazi nyingine. Wazo hilo si geni kwa wakulima wa Mara. Anayetandaza samadi ya zizi chini ya migomba, au anayempa ng'ombe machicha, amekwisha kuufunga mzunguko huo. Jambo jipya ni wingi wa mabaki. Chakula kinapotengenezwa kwa mashine mahali pamoja, kwa ajili ya soko, maganda hurundikana upesi kuliko mifugo ya jirani inavyoweza kuyala. Hapo ndipo elimu ya sayansi inapohitajika.

Adui wa kwanza wa thamani hiyo ni maji. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa ganda bichi la muhogo ni maji. Kwa hiyo huoza na kuota ukungu baada ya muda mfupi. Adui wa pili ni sumu. Muhogo una kemikali ambayo, chembe zake zinapopondwa, huvunjwa na vimeng'enya vya mmea wenyewe na kutoa sianidi. Ganda huwa na sumu hiyo kuliko nyama ya ndani, hasa katika aina chungu. Ndiyo maana mfugaji anayemrushia mbuzi maganda mabichi mengi hucheza na hatari.

Maadui hao wawili hushindwa kwa njia moja. Huko Ibadan, nchini Nigeria, watafiti wa taasisi za kimataifa za kilimo na mifugo wameonyesha kuwa maganda yakikwaruzwa, yakakamuliwa kwa shinikizo, yakachekechwa na kuanikwa, huwa chakula kikavu cha mifugo ndani ya siku moja ya jua kali. Kukwaruza huviwezesha vimeng'enya kufanya kazi. Kukamua huondoa maji pamoja na sehemu ya sumu. Na jua huifukuza hewani sianidi iliyobaki, kwa kuwa huchemka kwenye joto la nyuzi 26 tu za Selsiasi.

Katika utaratibu huo, tani 3 za maganda mabichi hutoa takriban tani 1 ya chakula kikavu. Mwanafunzi na apige hesabu. Lori linalobeba tani 3 za maganda kutoka kijijini hadi kiwanda cha mjini hubeba takriban tani 2 za maji, na huenda mzigo ukafika umekwisha kuoza. Wapo wanaosema kwamba mabaki yatakuwa mali siku kitakapojengwa kiwanda kikubwa. Hesabu hii yapinga kauli hiyo. Thamani ya ganda huokolewa palepale linapomenywa, tena siku ileile, au hupotea. Mashine ndogo ya kukwaruzia na shinikizo la mkono kijijini vyafaa kuliko kiwanda kikubwa kilicho mbali.

Kahawa yafundisha somo hilohilo. Ganda na nyama ya tunda huchukua karibu asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu. Mabaki hayo yana potasiamu kwa wingi, na yakichanganywa na samadi huwa mboji nzuri ya kurudishwa shambani. Yakitupwa mtoni pamoja na maji ya kuoshea buni, huwa balaa: bakteria huyashambulia na kuimaliza oksijeni ambayo samaki huitegemea. Mnamo Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilitaja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Wapo walioyapinga maelezo hayo. Vyovyote iwavyo kuhusu tukio lile, kanuni ya kemia haibadiliki: kinacholisha udongo chaweza kuua mto.

Hata hivyo, si kila baki lirudi kwenye chakula. Maganda ya kahawa yana kafeini na tanini. Ng'ombe akilishwa kwa wingi hudhurika. Pumba zenye ukungu zaweza kubeba sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu waliokula mahindi katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Baki lisilofaa kuliwa na lielekezwe kwenye mboji au kwenye mtambo wa bayogesi. Huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yamezalisha umeme kwa njia hiyo. Mzunguko usiopimwa waweza kurudisha sumu mezani.

Kwa hiyo, vyama vya ushirika na halmashauri za wilaya havina budi kuweka sharti moja: mtambo wowote mpya wa kusindika muhogo au kumenya kahawa usikubaliwe mpaka mpango wake ueleze mabaki yatakwenda wapi, na faida yake itamfikia nani. Mkulima aliyeleta zao ndiye aliyeleta ganda pia. Asije akauziwa kesho kile alichokitoa bure leo.

Nazo shule za sekondari zina nafasi yake. Kupima uzito wa maganda kabla na baada ya kukauka, au kulinganisha mahindi yaliyotiwa mboji na yasiyotiwa, huhitaji mizani, jua na subira tu. Matokeo ya majaribio hayo, yakiandikwa msimu baada ya msimu, yatawafaa wakulima wa Tarime na Serengeti kuliko takwimu zilizoazimwa kutoka mbali.